Video haichezi kwenye Linux mpya: liulize faili kwanza, kisha leta kodeki

Laptopu ya mtumba imepigwa Ubuntu, aina moja ya Linux, Wi-Fi inashika, spika zinalia. Inachomekwa flashi yenye video ya harusi ya Masasi, na hapo ndipo pleya iliyokuja na mfumo inagoma. Pengine inatoa ujumbe kwamba inahitaji "H.264 decoder". Pengine sauti inatoka huku kioo kiko cheusi, au picha inakwenda bila sauti. Wengi wakifika hapo husema flashi imeharibika, au Linux haifai, wanarudi kupiga Windows.

Hakuna kilichoharibika. Kinachokosekana ni kodeki, yaani kipande cha programu kinachojua kuifungua picha au sauti iliyobanwa. Kukileta ni kazi ya dakika chache. Kinachowasumbua watu wa Mtwara na Lindi ni bando zaidi kuliko ugumu wa amri: mtu anabandika amri ndefu aliyoiona mahali, inavuta mamia ya megabaiti ambayo nusu yake hayamhusu, mtandao unakatika katikati, na video bado haichezi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye faili lenyewe.

Kwa nini kodeki haikuja na mfumo

H.264 ya mwaka 2003 na HEVC ya 2013, ambazo ni namna za kubana picha, na AAC ya kubana sauti, zimezungukwa na hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi. Anayezisambaza anaweza kudaiwa leseni, na kampuni zilizo nyuma ya mifumo hii, Canonical ya Uingereza kwa Ubuntu na Red Hat ya Marekani kwa Fedora, haziwezi kulilipia kila nakala jambo wanaloligawa bure. Wakaamua kodeki hizo zikae pembeni, mtumiaji azichukue mwenyewe. MP3 ilikuwa kwenye kundi hilo hadi hataza zake zilipoisha mwaka 2017, ndiyo maana leo nyimbo zinacheza tangu siku ya kwanza.

VP9 ya picha na Opus ya sauti, ambazo hukaa sana ndani ya faili za .webm, zimetolewa na watengenezaji wake bila kudai malipo ya leseni. Basi ukiona faili la .webm linacheza vizuri lakini .mp4 ya simu inagoma, pleya ni nzima na diski ni nzima. Tatizo ni hataza.

Gunia na kilichomo

Herufi za mwisho za jina la faili, .mp4, .mkv, .mov au .3gp, ni jina la gunia tu. Mpimaji wa korosho haandiki daraja kwa kusoma maandishi ya gunia. Anachukua korosho, anazipasua, anaangalia kiini. Na .mp4 mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa moja ina H.264 na nyingine ina HEVC. Kubadilisha jina kutoka .mov kuwa .mp4 hakusaidii chochote.

Kifaa cha kupasulia ni ffprobe, nacho kinakuja ndani ya pakeji (furushi la programu) ya ffmpeg. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt update
sudo apt install ffmpeg

Bando linaloingia hapo halipotei, kwa sababu ffmpeg inakuja na libavcodec, maktaba ambayo pleya karibu zote za Linux zinaitegemea. Kabla hujabonyeza Y, soma mstari unaoanza na "Need to get": unakutajia idadi ya megabaiti zitakazovutwa. Jizoeze kuusoma kila mara.

Sasa, kwenye terminali hiyo, andika amri iliyo hapo chini, acha nafasi, kisha buruta faili kutoka kwenye folda ulidondoshe ndani ya terminali ili njia yake ijiandike yenyewe, hata kama jina lina nafasi katikati:

ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,codec_type,profile,pix_fmt -of compact

Video iliyorekodiwa kwa iPhone hutoa kitu kama hiki:

stream|codec_name=hevc|profile=Main 10|codec_type=video|pix_fmt=yuv420p10le
stream|codec_name=aac|profile=LC|codec_type=audio

Mistari miwili hiyo inatosha. Picha ni HEVC ya biti 10, sauti ni AAC. Ukiona h264 na yuv420p, hiyo ndiyo video ya kawaida kabisa. Ukiona amr_nb, ni rekodi ya simu ya zamani. Na kama badala ya mistari hiyo unapata "moov atom not found", acha kutafuta kodeki: faili halikukamilika, mara nyingi flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kuisha. Rudi kwa mwenye video akunakilie upya, na safari hii bonyeza alama ya kutoa flashi usubiri ikubali kabla ya kuichomoa.

Ubuntu na Linux Mint

Pleya ya video ya GNOME, pleya ya nyimbo ya Rhythmbox na programu nyingi zinazokuja na Ubuntu hutumia GStreamer, mtambo wa nyuma wa kuchezea sauti na picha, na GStreamer imegawanywa kwenye pakeji kadhaa. Tatu ndizo zinazomaliza kazi:

sudo apt install gstreamer1.0-libav gstreamer1.0-plugins-bad gstreamer1.0-plugins-ugly

Ya kwanza, libav, ndiyo daraja la kwenda libavcodec: H.264, HEVC, AAC, AMR na WMV zote zinapita hapo. Watu huishia kuiweka hiyo peke yake kisha wanashangaa video bado inagoma. Sababu ni kwamba kipande kiitwacho h264parse, kinachoipanga H.264 kabla haijasomwa, kiko ndani ya plugins-bad. Humo humo ndimo kilipo kipande kinachofungua faili za .ts, zile zinazorekodiwa na ving'amuzi. Plugins-ugly inafungua gunia la WMV za zamani za Windows. Majina yasikutishe: "bad" maana yake msimbo wake haujakaguliwa kwa kiwango cha nyingine, na "ugly" ni mzuri lakini una mashaka ya leseni.

Kuna pia ubuntu-restricted-extras, ambayo ndiyo inayotajwa kila mahali. Inafanya kazi, ila inaleta na fonti za Microsoft, na fonti hizo hupakuliwa kutoka seva nyingine kabisa. Kwenye mtandao dhaifu hapo ndipo inapokwama. Katikati ya kazi hutokea pia ukurasa wa makubaliano ya leseni ambao kipanya hakiwezi kuubonyeza: bonyeza Tab hadi neno Ok liwe na rangi, kisha Enter. Ukiifunga terminali kwa hasira, mfumo unabaki nusunusu na kila amri ya apt inakataa hadi uandike:

sudo dpkg --configure -a

Kwa anayetaka video tu, pakeji tatu zile zinatosha na ni nafuu.

Kwenye Mint kazi ni nyepesi zaidi. Tangu toleo la 18 la mwaka 2016 kodeki haziji tena na mfumo, lakini wakati wa kusakinisha kuna kisanduku cha kuziomba. Kama hukukiwekea alama, au hukuwa na mtandao siku hiyo:

sudo apt install mint-meta-codecs

Je, si bora kuweka pleya ya VLC tu? VLC itacheza karibu kila kitu, na kwa steshenari inayopokea flashi za kila aina ni vizuri kuwa nayo. Lakini itatatua tatizo ndani ya VLC pekee. Pleya ya GNOME na Rhythmbox zitabaki vilevile. Kwa laptopu yenye RAM ya GB 2, pleya nyingine iitwayo mpv ni nyepesi kuliko VLC na inasoma yaleyale. Jambo moja la kukumbuka: programu iliyowekwa kama snap au Flatpak, njia nyingine za kusakinisha zisizopitia apt, hubeba kodeki zake yenyewe. Kumimina pakeji za apt hakuigusi kabisa, na watu wamepoteza bando nyingi hapo.

Fedora, openSUSE, Debian

Fedora hukuwekea ffmpeg-free, iliyoondolewa kodeki zenye hataza. Ongeza hazina (ghala la pakeji la mtandaoni) ya RPM Fusion, kisha badilisha:

sudo dnf install https://mirrors.rpmfusion.org/free/fedora/rpmfusion-free-release-$(rpm -E %fedora).noarch.rpm
sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing
sudo dnf install gstreamer1-plugin-libav gstreamer1-plugins-ugly

Ni "swap", si "install". Ukiandika install, pakeji mbili zinagombana na dnf inakataa. Mwenye kadi ya AMD aongeze sudo dnf swap mesa-va-drivers mesa-va-drivers-freeworld, kwa sababu tangu Fedora 37 dereva ya kawaida haisaidii tena kusoma H.264 wala HEVC.

openSUSE: sudo zypper install opi, halafu opi codecs. Debian ina ffmpeg kamili ndani ya hazina yake kuu, kwa hiyo tumia majina yaleyale ya Ubuntu.

Yanayokwamisha

"Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend" maana yake programu nyingine inasakinisha kitu kwa nyuma, kwa kawaida ni masasisho ya usalama yaliyoanza mara tu ulipowasha hotispoti. Subiri. Usifute faili hilo la lock, maana ndilo linalozuia programu mbili kuandika orodha moja ya pakeji kwa wakati mmoja. Kama hutaki snap zikulie bando kimyakimya, andika sudo snap refresh --hold. Siku ukifika penye Wi-Fi ya uhakika, sudo snap refresh --unhold.

Ujumbe unaosema faili la Release "is not valid yet" unatokana na saa. Laptopu nyingi za mtumba betri ndogo ya saa imekufa, kwa hiyo kila ukizima umeme kompyuta inarudi miaka nyuma, na apt inakataa orodha inayoonekana kutoka siku zijazo. Weka saa kwa mkono, kwa tarehe ya siku hiyo kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku:

sudo date -s "2025-07-14 10:30"

kisha rudia sudo apt update. Dawa ya kudumu ni kubadilisha betri, mara nyingi CR2032, ile ya duara kama sarafu. Kwenye laptopu nyingine imeunganishwa kwa waya, basi fungua uitazame kwanza kabla ya kwenda dukani.

"Unable to locate package" ni mambo mawili: hujafanya apt update, au hazina zimezimwa. Amri mbili zinaziwasha:

sudo add-apt-repository universe
sudo add-apt-repository multiverse

Mtandao ukikatika katikati ya kupakua, usianze upya kwa kufuta. Rudia amri ileile. Kilichokwisha kushuka hakishushwi tena, na apt huendelea ilipoishia.

Na kama pakeji zote zimeingia lakini pleya bado inadai kodeki, kuna uwezekano GStreamer inakumbuka orodha ya zamani. Funga pleya, futa kumbukumbu hiyo, fungua tena. Itajitengeneza upya:

rm -r ~/.cache/gstreamer-1.0

Kompyuta isiyo na mtandao

Shule au ofisi ya kijiji iliyo mbali na mtandao wa uhakika, kule Liwale, Nanyumbu au upande wa juu wa Newala, inaweza kuwa na kompyuta tano na bando la kutosha moja. Hapo kodeki zinasafiri kwa flashi. Kosa linalofanyika sana ni kupakua .deb, yaani mafaili ya pakeji za Ubuntu, moja moja kwenye kivinjari: moja inadai ya pili, ya pili inadai ya tatu, na unafika kijijini unakuta imebaki moja.

Njia ya uhakika ni kutumia flashi ileile iliyopiga mfumo. Nenda nayo penye mtandao, iwe mjini Mtwara, Lindi au Nachingwea, uwashe nayo kompyuta yoyote, kisha uchague kujaribu Ubuntu bila kusakinisha. Mfumo unaowaka hapo una pakeji zilezile ambazo kompyuta za kule zilizipata siku ya kupigwa, kama zilipigwa kwa usakinishaji kamili. Kwa hiyo ukiomba kodeki, apt itaorodhesha hasa vile ambavyo kompyuta za kule hazina. Washa hazina mbili za juu, universe na multiverse, kisha:

sudo apt-get update
sudo apt-get install --download-only ffmpeg mpv gstreamer1.0-libav gstreamer1.0-plugins-bad gstreamer1.0-plugins-ugly

Tumia apt-get, si apt, kwa sababu apt ina tabia ya kufuta .deb ikishamaliza nazo. Mafaili yatakuwa /var/cache/apt/archives. Chomeka flashi ya pili, tengeneza folda uiite kodeki, nakili .deb zote humo. Fanya hivyo kabla ya kuzima: mfumo wa kujaribu unaishi kwenye RAM, ukizima kila kitu kimekwenda.

Kisha hesabu. Ndani ya folda ya kodeki andika ls *.deb | wc -l. Namba iwe sawa na jumla ya "upgraded" na "newly installed" ambazo apt-get ilizitaja. Ikipungua hata moja, usiondoke mjini.

Kwenye kompyuta isiyo na mtandao, hamisha folda hiyo kutoka flashi hadi kwenye diski, ingia ndani yake kwa terminali, na:

sudo apt install ./*.deb

Usisahau ./ mwanzoni, bila hiyo apt inadhani unataja jina la pakeji na inaitafuta intaneti. Mwishoni inaweza kutoa onyo refu lenye maneno "unsandboxed as root". Halina madhara.

Masharti ni mawili. Toleo liwe lile lile: .deb za 22.04 zisitumike kwenye 24.04, hata kwa kulazimisha. Na kompyuta ya kule isiwe imeshasasishwa kwa mtandao tangu ipigwe, la sivyo maktaba zake zitakuwa mpya kuliko za flashi na apt italalamika kuhusu "unmet dependencies". Hapo itabidi kompyuta hiyo yenyewe ipelekwe penye mtandao.

Kodeki ipo, picha inakatakata

Hili si tatizo la kodeki tena, ni nguvu ya mashine. Tazama jina la prosesa: i5-3320M ni kizazi cha 3. Kwa kizazi cha 2 hadi cha 9 namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na kuanzia cha 10 ni namba mbili za mwanzo. Chipu ya michoro ya Intel husoma HEVC ya biti 8 kuanzia kizazi cha 6, na ya biti 10 kuanzia cha 7. Chini ya hapo prosesa inabeba mzigo wote peke yake, na HEVC ya 4K kutoka iPhone haitakwenda vizuri hata ukiweka kila pakeji iliyopo duniani. Pakeji ya vainfo itakuonyesha: andika vainfo, tafuta mstari wenye VAProfileHEVCMain, au VAProfileHEVCMain10 kwa video ya biti 10. Usipouona, badilisha video iwe H.264:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -preset veryfast -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k harusi720.mp4

Namba ya crf ikipungua, picha inakuwa bora na faili linakuwa kubwa. Kati ya 20 na 26 panatosha. Usiache -pix_fmt yuv420p, maana bila hiyo video ya biti 10 inaweza kutoka H.264 ya biti 10, na runinga nyingi zenye tundu la USB huikataa. Jaribu kwanza kwa kuongeza -t 30 kabla ya jina la faili la mwisho: utapata sekunde 30 tu, uitazame, ndipo uiachie ifanye yote usiku. Kama ffprobe ilishaonyesha h264 na aac na tatizo ni gunia la .mkv pekee, usibane upya. ffmpeg -i filamu.mkv -c copy filamu.mp4 inamaliza haraka na ubora haupungui.

Rekodi za sindimba na nyimbo za unyago zilizochukuliwa kwa simu za batani huwa ni .3gp au .amr. Ukitaka zipigike kwenye redio ya gari:

ffmpeg -i ngoma.3gp -vn -c:a libmp3lame -q:a 4 ngoma.mp3

AMR ya kawaida ilirekodiwa kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo ngoma itasikika ya mbali na MP3 haitaisafisha. Asili lake litunze mahali salama hata baada ya kubadilisha. Mara nyingi ndiyo nakala pekee ya sauti ya bibi fulani.

Kwa flashi: ikiwa ni FAT32, video inayozidi GB 4 itakataa kuingia hata kama nafasi ipo. Iumbize upya kwa exFAT, ukishahamisha vilivyomo.

DVD za harusi zinazochomwa na studio za hapa kwetu kwa kawaida hazina kufuli, zinacheza kwa VLC bila nyongeza. Zenye kufuli ni zile za viwandani, na kwa hizo kuna libdvd-pkg, ikifuatiwa na sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg, ambayo inahitaji mtandao.

Baada ya yote hayo folda inaweza kuendelea kuonyesha alama tupu badala ya vipicha vya video, ingawa video zenyewe zinacheza. Mfumo ulishaandika kwamba ulishindwa kutengeneza vipicha vya faili hizo na haujaribu tena. Weka ffmpegthumbnailer, futa kumbukumbu ya kushindwa, kisha funga folda na uifungue upya:

sudo apt install ffmpegthumbnailer
rm -r ~/.cache/thumbnails/fail